Tarishi Asiyekufa

Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba za asubuhi, siku ya Alhamisi, nilipobonyeza kitufe cha mashine ya michezo ya televisheni katika depo ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Saa naijua kwa sababu niliiandika juu ya ukurasa kabla ya kubonyeza. Nilikuwa nimekuja na madaftari yangu matatu ya zamani, yale ya karatasi yenye vyumba vidogo vya hesabu, na moja jipya, kalamu ya risasi na kifutio. Mwenye depo, mzee tuliyemwita papa, aliyekuwa ametoka kupokea mzigo wake wa Dubai, alinitazama nikipanga vitu hivyo juu ya katoni ya vitenge.

"Fundi," akasema, "unakuja kupima jeu, ao unakuja kununua ngombe?"

Nilimjibu kwamba ng'ombe ningempima kwa muda mfupi kuliko mchezo.

Aliyetaka kununua hakuwa mimi. Alikuwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa Beni, katika mtaa wa Beu, na ambaye kwa miaka tisa alikuwa ameishi kwa samaki. Alikuwa akinunua tilapia wa chumvi Kyavinyonge, kando ya ziwa, na kuwauza sokoni Beu. Lakini wakati ule wa vita vya pili vya Kongo, barabara ya ziwani ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka, na mara tatu vikapu vyake vilikuwa vimebaki kwenye kizuizi pamoja na watu waliokilinda. Safari ya tatu ilimchosha. Alitaka biashara ambayo ingekaa ndani ya nyumba na kungoja watu waje. Alikuwa na chumba kitupu pembeni ya nyumba yake, chenye bati zima, na alikuwa na dola mia moja na sitini. Hizo ndizo zilizokuwa mtaji wote. Zikipotea, hata samaki hangeweza kuwarudia.

Papa wa depo alikuwa akiuza mashine ya michezo, televisheni iliyotumika, maneti mbili, yaani vile vidude vya vibonyezo vya kushika mkononi, na kadi ya kumbukumbu, vyote kwa dola mia moja na sitini kamili. Diski ilikuwa moja tu. Mtu mwingine kutoka Lubero alikuwa akivitaka vilevile, na papa alikuwa amesema atangoja neno letu mpaka Jumamosi saa sita mchana. Nilikuwa nimemtengenezea jenereta yake mara mbili, ndiyo maana aliniruhusu nipime kwanza.

Dada yangu alikuja Butembo na gari la makaa, akafikia kwangu. Aliniambia neno lake mara moja tu, akiwa anaosha miguu.

"Mudogo wangu, mimi sijue mambo ya jeu. Weye ndiye unajua. Kama ni muzuri, useme ni muzuri. Kama ni mubaya, useme ni mubaya. Feza iko hii tu."

Ni kweli kwamba nilijua. Mchezo uliokuwa kwenye diski ile nilikuwa nimeufuata tangu kabla ya vita vya kwanza. Wakati huo ulikuwa kwenye kaseti za plastiki, na mfanyabiashara mwingine, mwenye watoto wengi, aliniachia niucheze kwake Jumapili mchana badala ya kunilipa kwa televisheni niliyomtengenezea. Ulikuwa habari ya tarishi mdogo mwenye kofia ya kijani, asiye na silaha, mwenye kamba yenye ndoano tu. Alitakiwa kupeleka barua kupitia mji uliojengwa ndani ya mlima, mji ambao taa zake zilikuwa zimezimwa. Palikuwa na madaraja yaliyovunjika, walinzi, na popo. Katika kaseti ya kwanza alipanda. Katika ya pili alishuka na jibu. Katika ya tatu alikuta aliyeandika barua hayuko tena, akageuka ili airudishe, na hapo maandishi ya mwisho yakatokea na mchezo ukakatika.

Barua haikufika. Miaka minane nilikuwa nikijiuliza. Katika jarida la Kifaransa nililofungiwa sabuni nilikuwa nimesoma kwamba waliotengeneza mchezo huo walikuwa wamefilisika, nikaweka madaftari yangu chini ya godoro kama mtu anayeweka nguo za marehemu.

Madaftari hayo yalikuwa ramani. Mimi sikusoma zaidi ya mwaka wa pili wa sekondari, na redio nilijifunza kwa kuzifungua, kwa hiyo mchezo nao niliufungua namna hiyo hiyo. Niligundua kwamba kamba ya tarishi ilikuwa na urefu wa aina tano tu. Mlinzi alikuwa akitembea hatua nane na kugeuka, siku zote nane. Ubao wa daraja ulikuwa ukianguka kwenye hatua ya pili, kwa hiyo ulipaswa kuruka ukiwa umesimama kwenye hatua ya kwanza, bila kufikiri. Tarishi alikuwa na roho tatu. Zikiisha, unaanza upya chini ya mlima. Mtu asiyejua alikuwa akikaa dakika nne, tano, akaanguka.

Sasa, Alhamisi ile, nikamwona tena. Kofia ilikuwa ya kijani ileile, lakini alikuwa na mgongo, na kivuli, na pumzi iliyotoka kinywani kwenye baridi. Nakiri kwamba dakika ya kwanza sikuandika kitu.

Nilipima siku mbili, jumla saa kumi na moja. Nilikuwa nimetayarisha maswali kumi na moja, na kila swali nilitoa alama kwa ishirini, kama shuleni. Kamba: kumi na nane. Haikuwa tena na urefu wa aina tano. Ilikuwa ikiyumba kwa uzito wa mwili, na ulipaswa kuiachia wakati wake, kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari la makaa kabla halijasimama. Walinzi: kumi na sita, kwa sababu sasa walisikia. Jicho la kamera lililomfuata tarishi kwa nyuma lilikuwa likikwama nyuma ya nguzo na kukuonyesha ukuta wakati unapotaka kuona shimo. Hilo nililipa tisa, na nilikuwa mpole. Muziki nikaupa kumi na tisa. Ulikuwa wimbo uleule wa kaseti ya kwanza, ule wa noti saba, lakini umepigwa na vinanda vya kweli, polepole. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Niliyatambua kwa sababu yalifanana na yale ya nyuma ya redio. Sikuweza kuyasoma, nikaacha alama yake wazi.

Jambo moja lilinikasirisha. Kila baada ya madaraja mawili au matatu, watengenezaji wapya walikuwa wameweka jiko dogo la mawe. Tarishi akilipita, akiota moto kidogo, basi hata akianguka anarudi kwenye jiko lile na hapotezi kitu. Roho tatu zilikuwa zimeondolewa. Nikaandika: majiko yanaondoa hofu, bila hofu, daraja ni ubao tu. Nane kwa ishirini. Na chini zaidi, kwenye sifa nzuri, nikaandika kwa mwandiko uleule: mchezo unashika mtu, leo nimekaa saa sita bila kuinuka na bila kuanza upya.

Mistari hiyo miwili ilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Kati yake palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Sikuisoma pamoja.

Jumamosi, saa tano na nusu, nilimwambia dada yangu, ambaye kwa heshima nilimwita yaya.

"Ni muzuri, yaya. Kumi na saba kwa makumi mbili."

"Kumi na saba," akasema. "Weye mwenyewe kwa masomo hukupataka kumi na saba."

"Ndiyo maana unaweza kuamini. Sizitoake ovyo."

Akacheka, akafungua kitenge kiunoni, akalipa.

Tulikwenda Beni siku ya Jumatatu, televisheni ikiwa imefungwa ndani ya godoro langu. Kwenye kizuizi askari alitaka kujua ni nini. Dada yangu akamwambia ni mugonjwa, na askari akasema mgonjwa huyo ana kichwa cha mraba, akatuacha tupite kwa bei ya sigara mbili. Nilifunga nyaya, nikaweka jenereta yangu ndogo nyuma ya jiko, na Jumanne saa tatu asubuhi chumba kikafunguliwa.

Hapa lazima nieleze namna tulivyokuwa tukifanya kazi, kwa kuwa kosa lote limo humo. Katika vyumba vya michezo vya kwetu, Butembo na Beni, hakuna aliyelipa kwa saa. Wengi hawakuwa na saa, na mwenye nayo hakuaminiwa. Tulilipa kwa roho. Kwa shilingi mia za Uganda, ambazo ndizo zilizokuwa zikitembea sokoni wakati huo, unapewa maneti. Ukifa, unaiachia mwingine. Sheria hiyo haikuhitaji mwamuzi. Kila mtu anaona kwamba umekufa.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, jirani, ambaye serikali ilikuwa haijamlipa tangu asikumbuke lini. Alilipa shilingi mia moja na kukaa. Alianguka kwenye daraja la kwanza, akarudi kwenye jiko. Akaanguka tena, akarudi. Saa nne ikapita. Nyuma yake walikuwa wameketi watu saba, kila mmoja na mia yake mkononi. Saa tano kasoro dakika kumi dada yangu aliingia kutoka nje, akiwa na mafuta ya mandazi mikononi, akamwomba kwa heshima awaachie wengine.

"Mama," akasema mwalimu bila kugeuka, "nitatoka namna gani na sijakufa?"

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa akieleza sheria. Dada yangu akanigeukia.

"Huyu mutu wako anakufaka saa ngapi?"

Nikafungua daftari. Ilikuwa ni mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Nikasoma ule mstari wa majiko, kisha ule wa saa sita, na kwa mara ya kwanza nikaisoma pamoja. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini: hafi.

"Hafi namna gani?"

"Hapana kufa, yaya. Bamemuwekea majiko."

Hakuniambia neno baya, na ningependa angelisema. Alirudi kwenye mandazi yake. Jenereta ilikuwa ikila lita moja ya esansi, yaani petroli, kwa saa mbili, na mwalimu alikuwa akila jenereta.

Tulijaribu kwa siku nne. Tulisema kila kuanguka ni kifo. Watu wakakataa, kwa sababu macho yao yaliona tarishi amesimama mzima kwenye jiko akipasha mikono. Tulitumia saa yangu ya mkono, na kila mmoja akaapa kwamba nimeisukuma. Fundi seremala mmoja wa kanisa la Kiprotestanti, mtu mpole, aliniambia kwamba hanishitaki wizi, ila saa za Butembo zinajulikana. Siku ya nne waliingia watu kumi tu. Nilikuwa nimelala sakafuni kwa dada yangu usiku wote huo nikipiga hesabu kichwani, na kila njia niliyoipita ilinirudisha kwenye jiko lilelile.

Jumamosi asubuhi dada yangu aliingia na redio yake ya kaseti. Aliichomeka kwenye waya wa jenereta, akaweka kaseti ya kwaya ya parokia yake, ile anayoimba yeye mwenyewe sauti ya pili, akazima sauti ya televisheni kabisa. Kisha akasimama mlangoni.

"Wimbo moja, shilingi mia," akasema. "Wimbo ikiisha, unatosha mukono, unaachia mwingine. Mwenye kubisha, abishe na kwaya."

Hakuna aliyebisha. Hadi leo nalifikiria jambo hilo. Saa yangu, iliyokuwa nzuri, haikuaminiwa. Lakini wimbo ulikuwa wa wote. Kila mtu wa Beu aliyeingia pale, Mkatoliki au la, alijua unapoanzia na unapoishia. Ubeti wa mwisho ulipokaribia, watu kwenye mabenchi walianza kuimba nao, na mwenye maneti alisikia wakati wake unamwishia mgongoni. Askari mmoja aliyekuja na bunduki yake magotini alicheza mpaka sauti ya mwisho ya "amina," akampa maneti muuza vitunguu aliyemfuata, akasema, "Likambo te, mama," hakuna neno, akaenda kupanga mstari tena nyuma.

Kitu ambacho hatukutazamia ni wimbo wa tatu. Ulikuwa wimbo wa matoleo, na kila anayekwenda misa kwetu anajua kwamba wimbo wa matoleo hauishi mpaka mtu wa mwisho wa benchi la mwisho ameweka sadaka yake. Ule wa kaseti ulikuwa dakika saba na nusu. Katika siku mbili watu walikuwa wameshaelewa. Walipima mstari, walihesabu vichwa, walimwachia mwenzao nafasi kwa ukarimu wa ghafla ili wao waangukie kwenye matoleo. Dada yangu akapandisha bei ya wimbo huo: mia na hamsini. Seremala Mprotestanti akalalamika kwamba Wakatoliki wamejitengenezea faida, akaleta kaseti ya kwaya ya kanisa lake. Tukaiweka Jumanne na Alhamisi. Nyimbo zake zilikuwa fupi zote, na yeye ndiye wa kwanza aliyeacha kuja siku hizo.

Muziki wa mchezo, ambao nilikuwa nimeupa kumi na tisa, haukusikika Beu hata siku moja. Mwanzoni niliumia. Nilimweleza dada yangu kwamba kuna noti saba pale, za tangu kaseti ya kwanza, ambazo nilizingoja miaka minane. Akaniambia niende nazo nyumbani.

Lakini kwa haki lazima niandike pia yafuatayo, kwa sababu mtu anayetoa alama anapaswa kukubali kuzifuta. Nilikuwa nimeupima mchezo ule kama nilivyocheza ule wa zamani: peke yangu, kimya, na daftari. Kule Beu tarishi alikuwa mmoja na mikono ilikuwa hamsini. Kadi ya kumbukumbu ilimshika pale alipofikishwa jioni, na asubuhi walianzia hapo, mwalimu akimpokea kutoka kwa askari, muuza vitunguu kutoka kwa mwalimu. Waliokuwa hawana mia walikaa tu, wakala mandazi, wakaelekeza. Jicho lililokwama nyuma ya nguzo, lile la alama tisa, halikuwasumbua. Watu kumi na watano walikumbuka pamoja mahali shimo lilipo, wakapiga kelele. Na majiko niliyoyapa nane yakawa ndiyo mchezo wenyewe. Kila tarishi alipofika kwenye jiko, chumba kizima kilipumua. Muuza vitunguu, aliyekuwa amekimbia kijiji chake mara mbili mwaka ule, alinisikia siku moja nikisema kwamba zamani tarishi alikuwa anakufa, na ilikuwa bora.

"Bora kwa nani, papa?" akauliza. "Muache apashe mikono."

Nilipofika nyumbani nilifuta nane, nikaandika kumi na nane. Jicho sikulibadilisha. Jicho lilikuwa baya.

Walifika juu ya mlima katika wiki ya tatu, Ijumaa, saa nane na robo mchana. Nilikuwa nimekuja kutoka Butembo makusudi, kwa kuwa mwalimu alikuwa amenipelekea neno kwamba limebaki daraja moja. Chumba kilijaa hadi dirishani. Mwalimu alikuwa amevuka nusu ya daraja wakati wimbo ulipoisha. Hakungoja aambiwe, alinyoosha mkono na maneti nyuma yake. Aliyefuata kwenye mstari alikuwa amekwenda kujisaidia. Maneti ikabaki hewani. Dada yangu, aliyekuwa karibu, akaipokea ili isianguke, na kwaya ikaanza wimbo unaofuata.

Ulikuwa wa tatu.

Hakuwa amecheza hata mara moja. Alimwangusha tarishi mara sita, na mara sita akarudi kwenye jiko, na watu wakamwambia, pole, mama, bado uko na matoleo. Mara ya saba aliachia kamba wakati wake. Tarishi akatua, akatembea mwenyewe bila kuguswa, akagonga mlango, na mwanamke mzee akafungua. Barua ikatolewa, ikajaa kwenye kioo kizima: mistari minane ya Kijapani.

Watu wote waligeuka kunitazama mimi. Nilikuwa mtu wa madaftari. Nilikuwa nimeingoja barua ile kuliko wote waliokuwemo, na nililazimika kusema kwamba sijui imeandikwa nini.

Dada yangu hakugeuka. Aliitazama kama mtu anayesoma.

"Imeandikwa vile barua zote zinaandikwaka," akasema. "Tuko bazima. Na nyinyi, muko bazima?"

"Tuko," wakajibu kwenye mabenchi.

Sina njia ya kuthibitisha tafsiri hiyo. Kwenye daftari, mahali pa maandishi nilipokuwa nimeacha wazi, niliinakili kama alivyoisema, na kando nikaandika jina la ukoo wetu kama mfasiri.

Chumba kile kilimrudishia mtaji wake kabla ya mwisho wa mwaka, na barabara ya ziwani ilipotulia alirudia samaki bila kukifunga. Hasara ilikuwa ya siku nne tu za kwanza, na hiyo ilitoka kwenye alama zangu, kwa hiyo niliihesabu mwenyewe: esansi lita kumi na mbili, shilingi elfu kumi na nane, mapato, elfu tatu na mia saba. Ijumaa ileile, watu walipotoka, nilimhesabia dada yangu shilingi elfu kumi na nne na mia tatu juu ya benchi. Alikataa, nikasisitiza, akazichukua. Halafu akatoa mia na hamsini, akaniwekea mkononi.

"Weye hukucheza bado hapa kwangu," akasema. "Kaa. Minakuwekea wimbo ya matoleo."

Kwa hiyo jumla kamili ya nilichopoteza ni shilingi elfu kumi na nne, mia moja na hamsini.